Mwenyeji wa São Paulo

Jamani, leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, mbele ya Waswidi kumi na mmoja wenye penseli zilizochongwa.

Mnajua kwamba hapa Stockholm naosha masufuria kwenye jiko la shule. (Kama hamjui, ni kwa sababu ya ile picha niliyowatumia nikiwa na suti. Suti ni ya Kizza.) Kizza ni Mganda, tunaosha wote. Wiki mbili zilizopita aliona tangazo kwenye maduka ya Skärholmen: chama cha elimu ya watu wazima kinatafuta mtu aliyeishi São Paulo, awafundishe wasafiri namna ya kutembea kule mjini. Aanze na Jumamosi moja ya majaribio, na akifaa, apewe kazi ya kudumu.

"Wewe Sele, si ulifika Brazili?" akaniuliza.

"Nilifika."

"Sasa unangoja nini? Nenda useme wewe ni mwenyeji."

Kufika nilifika. Nikiwa msaidizi wa mpishi melini tulitia nanga bandari ya Santos siku nne, na siku tatu nilikuwa kitandani tumbo linaniendesha. São Paulo yenyewe niliiona kwenye kalenda ya nahodha. Lakini si mnanijua? Sisi mtu akituuliza njia, hatusemi hatujui. Tunanyoosha mkono, tunaelekeza.

Birgitta, msimamizi wa chama, aliniuliza swali moja tu. "Mji unaujua?"

"Nje ndani," nikamjibu.

Akasema nije leo, washiriki wakiridhika kazi ni yangu. Basi jana nikamwambia mkuu wa jikoni atafute mtu mwingine wa masufuria yake. Nilimwambia kwa maringo, nimeegemea mlango.

Leo saa nane nikaingia darasani. Watu wameketi duara, kila mmoja na daftari, katikati thermos mbili za kahawa na sahani ya maandazi yao ya mdalasini. Hawa watu hawaendi safari hivihivi. Wanaisomea kwanza, kama mtihani wa leseni. Birgitta akanitambulisha: huyu ni Selemani, ameishi Amerika ya Kusini. Wakanitazama kwa heshima ambayo sijaipata tangu nije nchi hii, na mimi kichwa kikawa cheupe. Kitabu nilichoazima maktaba kilieleza mashamba ya kahawa tu.

Nikajiambia, mji mkubwa wa joto ni mji mkubwa wa joto. Nikafumba macho nikaingia Kariakoo.

Weee, niliwafundisha! Niliwaambia São Paulo usimuulize mtu mmoja njia, uliza watatu, ufuate wanayokubaliana wawili. Niliwaambia ukiingia dukani usitaje bidhaa kabla ya salamu, uliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, ndipo uulize sabuni. Fundi akikwambia kesho, usifunge mizigo. Mvua ikikukuta, ingia chini ya baraza yoyote, hakuna atakayekuuliza wewe nani. Na ukitaka kujua nani kafukuzwa kazi serikalini, kaa na wazee wa kahawa, wale wanaokunywa vikombe vidogo na kashata. (Kashata niliieleza kama pipi maarufu ya Brazili. Mungu anisamehe.)

Penseli zilikuwa zinakimbia. Birgitta anaitikia kwa kichwa, amefurahi. Mzee mmoja, Lennart, akaomba ramani. Nikachukua chaki nikamchorea: soko hapa, mnara wa saa kule, uwanja wa mapumziko katikati, bandari upande huu. Kazi nilishaiona iko mfukoni.

Hapo mama mmoja mwenye mvi, aliyekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Pale kwenye mnara wa saa, yule mzee wa kahawa aliyekuwa na kofia nyekundu, bado yupo?"

Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha kitabuni. Mtu mwenye akili angenyamaza, au angekohoa. Mimi nikainamisha kichwa, mikono nyuma.

"Shikamoo mama. Yupo, ila siku hizi anakaa upande wa Mtaa wa Kongo."

"Marahaba," akasema mama.

Birgitta akauliza kama hicho ni Kireno.

"Hapana," mama akamjibu kwa Kiswidi, taratibu kabisa. "Ni Kiswahili. Na ramani hiyo ni ya Dar es Salaam. Nilifundisha wauguzi kule miaka tisa."

Bora wangenizomea. Hawa hawazomei. Kisha Lennart akatoa kifutio, akafuta "São Paulo" juu ya ukurasa wake, akaniuliza Dar es Salaam inaandikwaje. Wengine nao wakatoa vifutio.

Mmoja akasema mji huo umempendeza. Hapa hata dirisha halifunguliwi bila kura, basi wakapiga: mikono kumi juu, Brazili ikafutwa, safari ni Dar es Salaam. Roho ikarudi. Nikaiweka sawa suti ya Kizza, maana jamani, nani mwingine? Nimezaliwa Ilala.

"Safi sana," Birgitta akasema. "Sasa tunahitaji mwalimu ambaye washiriki wanaweza kumwamini."

Akampa kazi yule mama.

Nilitaka kutoka, Birgitta akanizuia mlangoni kwa upole. Mama akihamia kufundisha, kikundi kinapungukiwa mtu mmoja, na bila watu kumi na mmoja chama hakitoi chumba. Mimi, akasema, naonekana nina hamu ya nchi za mbali. Nikakubali kuwa mwanafunzi. Kukataa nako siwezi.

Jumatatu nitarudi kumbembeleza mkuu wa jikoni. Kama lazima mcheke, chekeni mlango umefungwa, mama yangu asisikie. Na mniandikie upesi njia ya kutoka Mnazi Mmoja hadi sokoni, kwa sababu ndilo zoezi la nyumbani nililopewa, na la kwanza, alilotupa yule mama palepale darasani, nimekosa.