Mukono Wangu Ulikufa Ganzi Mbele ya Inspecteur

Leo nimepata haya, na ile haya imekwisha kugeuka hasira. Musinitulize.

Nilikuwa nafundisha biolojia hapa Bagira, mwaka wa nne. Somo: sehemu ya mwili ikikosa damu, inakuwa namna gani. Watoto hawakusikiliza. Basi nikakunja mukono wa blouse (akili yangu mwenyewe, hakuna mutu alinituma), nikafunga kipande cha mupira wa gurudumu la velo juu ya kiwiko cha kuume, nikakaza kwa meno. Wakanyamaza. Kucha zikaanza kubadilika rangi. Nikawaeleza: nyama ya mwili inaishi kwa hewa inayoletwa na damu. Ukiizuia damu, inakuja baridi, kisha ganzi. Na damu ikirudi, ndipo maumivu yenyewe.

Mara mulango ukafunguka. Préfet, mukubwa wa shule yetu, anamuingiza inspecteur, mukaguzi wa shule, koti lake la abacost limefungwa mpaka shingoni. Nikashusha blouse haraka. Kufungua mupira? Fundo lilikataa.

Inspecteur akaanza hotuba juu ya nidhamu. Akaenda nayo, akarudi nayo, akaianza tena. Nikamunong'oneza Préfet kwamba mukono wangu umefungwa, aniache nitoke kidogo tu.

"Citoyenne, heshima," akasema. "Mukubwa iko anaongea."

Heshima! Mukono wangu unakufa, yeye anataka heshima.

Hotuba ilipokwisha, inspecteur akaninyoshea mukono anisalimie. Wangu ukakataa kupanda. Ningefanya nini? Nikaushika kwa ule wa kushoto, nikaubeba, nikamupa kama samaki wa jana. Akaupokea. Baridi, na kucha rangi ya wino. Akaruka nyuma mpaka akakalia meza ya mwanafunzi.

"Huyu maman iko muzima kweli?"

"Iko anatufundisha, citoyen inspecteur," darasa zima likajibu.

Préfet akaomba wembe wa kuchongea kalamu, akakata mupira. Damu ikarudi. Jamani, nililia kama mbuzi, mbele ya watoto wale wale niliowaeleza hayo yote kwa ujasiri. Walicheka mpaka madawati yakatikisika. Hata Préfet (yule wa heshima) alijipangusa machozi.

Jioni Préfet akanifuata kwenye lango. Akasema inspecteur amelipenda sana lile somo, kesho nilirudilie mbele ya darasa la jirani.

Nikamujibu sawa, lakini alete mukono wake mwenyewe.