Mlio wa Kobe wa Mchungaji

Jumanne, 3 Juni 2025

Aibu! Ekzosi ya kobe wangu imedondoka sokoni Levolosi, hapa Arusha, mbele ya wauza ndizi. Kobe ni gari, Foksiwageni la mwaka sabini na mbili, injini nyuma, linapozwa na upepo tu, rejeta halina. Spea zake haziulizwi dukani, zinawindwa. Jirani yangu Hans, naye ana kobe, akapita akinguruma na bomba zake mbili za ekzosi. Akapunga mkono. Kamati ya harusi ya mpwa wangu Aika imemchagua yeye ambebe bibi harusi, eti gari lake linasikika. Mpwa wangu mimi!

Alhamisi, 5 Juni

Fununu: kijijini Kikwe kuna kobe wa marehemu mchungaji mmoja, siku hizi kuku wanatagia ndani. Mpango: nimwambie mjane, Bibi Ndeshi, kwamba mchungaji ndiye aliyenipa kipaimara, naomba ekzosi iwe kumbukumbu. Nikafika, nikatoa shikamoo ya unyenyekevu. Akauliza kipaimara mwaka gani. Nikasema themanini na moja. Akasema mwaka huo mumewe alikuwa bado fundi cherehani. Loo!

Hakunifukuza. Alicheka.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Miaka thelathini nikisikia mlio ule pale kwenye kona, nabandika maji ya ugali. Ukishaifunga, pita hapa nisikie. Mara moja tu."

Nikaahidi. Njia nzima sikuwasha redio.

Jumamosi, 7 Juni

Fundi Lesian ameifunga. Mlio mpole, kama mzee anayekohoa kabla ya kuingia kwake. Nimezunguka Njiro mara mbili. Hakuna aliyegeuka! Hata mbwa. Nikamwambia Lesian aipasue, atoe vya ndani, achomelee bomba mbili pana kuliko za Hans.

Akashika msumeno. "Una uhakika, mzee? Sauti hii ikitoka hairudi."

Nikafikiri kidogo. Nikamfikiria Hans. Nikasema kata.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada, Kikwe. Bibi Ndeshi amekaa getini, kitenge kipya, macho yake hafifu yameelekea kwenye kona. Nimeipita kona kwa ngurumo. Kuku wakatawanyika. Yeye hakusogea. Nilipozima injini akanikaribisha, akauliza nani kanipa lifti ya trekta, na kobe nimemwacha wapi.

Nikasema yuko njiani.

Akasema sawa, atasubiri. Akaingia jikoni kupunguza moto. Sijawahi kujiona mdogo vile.

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu Anneth amesema neno moja tu: nenda ukamwambie ukweli. Ni kweli. Nimelia kidogo, nakiri. Nimeoga, nimevaa koti, nimeshika ufunguo. Mtu akisema kweli moyo unatulia.

Lakini bibi haoni vizuri. Na Simel, anayekodisha muziki wa sherehe, ana spika mbili kubwa. Mlio wa kobe mpole haukosekani mtandaoni, nitaupakua kwenye simu. Spika zikikaa nyuma ya migomba, pale pale kwenye kona...

Nimempigia. Ameuliza harusi ni ya nani.

Nimesema ya mchungaji mmoja wa Kikwe.