Jina la Nyumba ya Baba

Jumatatu, 12 Januari
Hili sijamwambia mtu: naomba nyumba ya Baba isiishe. Mungu anisamehe. Kila ghorofa ikipanda kule Kitengela, ng'ombe wetu wanauzwa, wanapungua huku Isinya. Sasa wanamtajataja Nanyokie, ng'ombe wangu mwekundu, niliyepewa siku niliyozaliwa. Baba anayaita haya yote maendeleo. Nani atapinga maendeleo? Koko, mama yake Baba, anasema hata ukame uliomaliza mbuzi wake ulikuwa na jina. Huu wakati wetu hauna jina, unakuja na lori tu. Basi! Nitautafutia jina. La kumwaibisha Baba. Jumapili sisi tuliomaliza shule tutasimama kusalimia kanisa; hapo nitalisema.

Jumatano, 14 Januari
Mpito? Laini mno. Vurugu? Mama akasema hiyo ni ya baa, nisimletee nyumbani. Binamu yangu Naipanoi akauliza najisumbulia nini, na mimi huongea na viatu vyangu. Yeye akisalimia hupigiwa makofi. Jioni nikalipata: tufani. Nimefanya mazoezi mbele ya Nanyokie. Aliendelea kutafuna.

Jumapili, 18 Januari
Nilipanga kusema tuko ndani ya tufani, inabeba boma na ng'ombe bila kuuliza wenyewe. Nilifika kwenye "tufani". Sauti ikakatika. Naipanoi akajifunika uso na kitabu cha nyimbo, mabega yakimtetemeka. Baba akasimama. Ameaibika! Akatangaza kwamba binti yake, msomi, ameipa nyumba jina lenye nguvu. Makofi! Hata Koko.

Alhamisi, 22 Januari
TUFANI APARTMENTS, kwa rangi ya samawati. Baba alisema jina kama hilo haliandikwi kwenye lango la mabati. Akamuuza Nanyokie, akanunua la chuma. Aliniletea kamba yake. Akaniita mama, akasema nimemsaidia sana. Kamba bado ina harufu yake. Wapangaji wanakuja na swali moja tu: maji yapo?

Jumamosi, 24 Januari
Baba anaanza nyumba ya pili. Ng'ombe waliobaki wanatosha paa, anasema. Lakini nimeona kosa langu: neno lilikuwa dogo. Sasa ninalo kubwa. Gharika! Nani atapanga nyumba inayoitwa Gharika? Nimemwomba mchungaji nafasi nyingine. Wewe unayesoma, tafadhali, Baba asijue.