Maharage ya Marehemu na Mashine ya Eksirei

Jumatatu, 3 Machi
Nimekasirika, na ninaliomba radhi daftari hili. Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu na bwana shamba mstaafu, alisimama uani kwangu akatamka kwamba maharage ya dada yake yamekwisha. Ugonjwa wa kutu umeyala majani misimu mitatu. Eti nizitupe mbegu zilizobaki, nipande za dukani. Zimebaki arobaini, ndani ya kopo la kahawa. Marehemu alizichagua kwa vidole vyake mwenyewe. Nilimshukuru kwa ushauri. Mlango niliufunga kwa nguvu pungufu kuliko nilivyotamani.

Jumanne, 4 Machi
Jarida kuukuu la kilimo lasema watafiti hupiga mbegu mionzi ili zibadilike. Nyingi huharibika. Chache huzaa mmea usioshikwa na ugonjwa. Hospitali yetu ina eksirei. Mimi nina goti.

Alhamisi, 6 Machi
Nilificha mbegu kumi na nne ndani ya bandeji ya goti. Binti wa eksirei aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akasema, mlango ukiwa wazi, “Babu, goti ni zima. Ila limejaa maharage.” Benchi zima la wagonjwa lilicheka. Niliomba radhi mara tatu, mara moja kwa mashine. Hata hivyo mionzi imekwisha kupita. Hawawezi kunidai niirudishe.

Jumatano, 19 Machi
Zimeota zote. Kumi na tatu zinafanana na za siku zote, kwa utiifu wa kuudhi kabisa. Moja ina majani ya manjano. Nimepata! Nimeing'oa ile miche kumi na tatu isimbane mteule. Shemeji nimemwalika chai, aje aone haya.

Alhamisi, 20 Machi
Alikunywa vikombe viwili kwanza, ndipo akacheka. Manjano ni ya maji kuzidi. “Umeuzamisha mche, shemeji.” Mionzi ya hospitali hutosha kupiga picha tu, ya watafiti ni mikali mno, na mbegu huwa maelfu. Tena mabadiliko hutafutwa kwa watoto wa mimea ile, si kwa mimea yenyewe. Nami nimeng'oa wazazi.

Akaomba zile mbegu ishirini na sita zilizobaki. Mwanafunzi wake wa zamani yuko kituo cha utafiti; watazizidisha kwanza, kisha wazipige mionzi ipasavyo. Alisema ndicho kitu pekee cha dada yake kilicho hai bado. Nilijibu kwamba nitatafakari. Alipofika mlangoni akaniambia sikio la kufa halisikii dawa, kana kwamba kule shule ya misheni hawakutufundisha methali.

Ijumaa, 21 Machi
Mteule amekufa. Mizizi imeoza.

Nimemwandikia shemeji barua. Nimekiri kwamba yuko sahihi katika kila jambo, na kwamba mbegu zote nitampelekea mwenyewe kwa mikono miwili. Ni barua nzuri, haina neno hata moja lililofutwa. Nimeikunja, nikaiweka chini ya kopo.

Kisha nikakumbuka alivyocheka, ilhali chai aliyokunywa ni yangu.

Jumatatu nina miadi na daktari wa meno. Naye hupiga picha za taya. Nimejaribu mbele ya kioo: shavu moja lapokea mbegu kumi na tatu bila kuvimba sana. Na mashavu, namshukuru Mungu, ninayo mawili.