Kesho Wanachukua Pete

Mzee Gazeti alifungua ukurasa wa mbele, akakohoa mara mbili, na hapo kilabuni kwa Mama Argia kila mtu akajua leo hakulaliki.

"Sikieni nyie! Kesho, tarehe kumi na nane Desemba 1935, kila mke wa Kiitalia atavua pete yake ya ndoa na kuitoa kwa taifa, ili vita vya Uhabeshi viendelee. Waume pia mnakaribishwa. Ukitoa ya dhahabu, unapewa ya chuma."

"Safi sana!" Tarumbeta aligonga meza mpaka karata zikaruka. Huyu, jina lake Ubaldo, alikuwa msaga nafaka, kila Jumamosi lazima avae shati jeusi la chama tawala, na debe tupu haliachi kuvuma. "Mataifa yaliyokutana Geneva yametuwekea vikwazo kwa vita hivi? Tutawajibu kwa dhahabu yetu!"

Gaspare, fundi viatu waliyemwita Soli, aliinama kuokota karata. Asubuhi ile mkewe Ersilia alishamwambia wazi: pete yake ya ndoa ilikuwa ya marehemu mama yake, na ikitoka kidoleni, Soli ahamie dukani akalale na viatu vya watu. Isipotoka, katibu wa chama angekuwa pale kwenye mnara wa mashujaa na orodha ya majina, na mji mzima ulikuwa haujasahau watu walionyweshwa na chama mafuta ya nyonyo mpaka wakaharisha. Mkombozi alikuwa mmoja tu, naye ni Koleo, sonara, aliyekuwa mbele yake akichanga karata. Koleo alikuwa na pete za shaba, zinazofanana na za dhahabu. Lakini utaombaje shaba mbele ya Tarumbeta?

Soli akampiga Koleo teke chini ya meza.

"Unanipigia nini teke?" Koleo akauliza kwa sauti.

"Mguu umekufa ganzi, bwana. Samahani."

"Vikwazo gani hivyo?" Mzee Gazeti alikuwa hajamaliza. Enzi zake alikuwa mpeleka barua, na kadi za watu alizisoma zote. "Wametunyima punda na ngamia. Mafuta ya vifaru wanatuuzia mpaka leo. Mwizi unamnyima kamba, ngazi unamwazima!"

"Wanatuogopa!" Tarumbeta akafoka.

"Wanaogopana wao kwa wao. Na Mjerumani amekaa pembeni, anajifunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Miaka mitatu, minne hivi, dunia nzima itakuwa moto."

"Acha fiksi, Mzee. Uhabeshi ni wiki mbili tu."

"Mwezi wa kumi ulisema hivyo hivyo. Au kalenda nayo imewekewa vikwazo?"

Koleo alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Cheka taratibu," Mama Argia akamkemea. "Hiyo ni shayiri ya kukaanga, na hata hiyo inakwisha."

"Lakini huyu Kiongozi anayetutawala katoka wapi?" Koleo akauliza akijifuta. "Alidondoka na mvua?"

Mzee Gazeti akadakia. "Tulimleta wenyewe! Mkate ulipanda bei, migomo kila wiki, wabunge wanadonoana kama majogoo. Tukasema tunataka mtu wa kugonga meza. Akagonga, tukapiga makofi. Akafunga magazeti, tukasema afadhali, yalikuwa na umbea. Akafunga vyama, tukasema vilizidi. Siku tulipotaka kusema basi, midomo hatunayo tena."

Mama Argia alikimbia kufunga dirisha.

"Ningekuwa mtu mbaya ningeyafikisha haya kwa katibu," Tarumbeta akasema akiinuka. "Ngoja nikajisaidie kwanza."

Alipotoka tu, Soli akamrukia sonara. "Koleo ndugu yangu, pete ya shaba. Moja tu! Ersilia atanifukuza."

"Zimekwisha. Mke wa daktari kanunua, mke wa katibu kanunua."

"Hata moja?"

"Mbili za mwisho kachukua jana, tena kapitia mlango wa uani…" Koleo alinyoosha kidole kuelekea chooni, akabaki nacho hewani. Tarumbeta alikuwa amesimama mlangoni, anafunga mkanda.

Soli alipandwa na hasira. Miaka yote hii anamwogopa mtu huyu! "Shati jeusi, pete ya shaba! Huna haya, Ubaldo?"

Tarumbeta aliiva masikio kwa aibu. Akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa, akakisukuma chini ya karata. "Moja ya mke wangu, hii ilikuwa yangu. Chukua. Mimi nitasema kidole kimevimba, pete haivuki. Mwambie shemeji aipake majivu, inang'aa mno."

Kilabu kizima kikalipuka kwa kicheko. Soli alicheka huku ameibana pete kiganjani, roho ikamtulia. Mama Argia alishika mbavu.

"Kumbe mji mzima ni wajanja!" Mzee Gazeti alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Na mwanao Ottavio, Tarumbeta, aliyepanda meli kwenda vitani mwezi wa kumi? Naye ulipeleka wa shaba?"

Tarumbeta alichukua kofia yake, akaigeuzageuza mikononi.

"Huyo nilitoa wa kweli, Mzee," akasema. "Nilikuwa naye mmoja tu."