Wodi Isiyofunguliwa

Serikali ilitangaza kwa fahari kuu kwamba ugonjwa wa kuhara umepatiwa makao ya kudumu: wodi mpya yenye vitanda vya kisasa, na utepe mwekundu mlangoni. Mpango huo ulibuniwa na Mkurugenzi wa Bajeti, naye alijipongeza hasa. Fedha za kutibu maji ya bomba alizihamishia kwenye vitanda, kwa sababu iliyo wazi kwa kila mwenye akili timamu. Maji safi hayana mlango, sasa utepe utaufunga wapi?

Muuguzi mkuu, mama asiyejua kubembeleza wakubwa, alimfuata ofisini.

"Bosi, watu wanaharisha kwa sababu ya maji. Rudisheni dawa ya maji, na hivyo vitanda hatutavihitaji."

"Mama, hebu jisikilize! Kitanda kisicho na mgonjwa ni matumizi mabaya ya mali ya umma."

"Kwa hiyo mnataka tuugue?"

"Tunataka mshirikiane na serikali."

Wananchi walishirikiana vizuri sana. Walijazana kwenye baraza ya wodi, juu ya mikeka, maana Mkurugenzi alishapiga marufuku mgonjwa kulala ndani kabla Waziri hajakata utepe, na Waziri alikuwa ametingwa. Mtoto wa fundi viatu alilegea hata kulia akashindwa. Mkurugenzi alisikitika jinsi elimu ya bajeti isivyowafikia watu wa chini.

Ili kuzima uvumi kwamba maji ndiyo yenye ugonjwa, yeye na Waziri walikunywa maji ya bomba mbele ya kamera, glasi nzima, wakitabasamu.

Kesho yake Mkurugenzi alifika wodini mbio, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika suruali.

"Fungua!"

"Bado utepe, Bosi. Mpaka Waziri."

"Waziri yuko wapi?"

"Chooni. Ametangulia."

Mkurugenzi aliung'ata utepe kwa meno mpaka ukakatika. Muuguzi alimshukuru kwa uzinduzi huo mfupi, akaingiza wagonjwa: kwanza mtoto wa fundi viatu, kisha wengine waliozidiwa, mpaka vitanda vikajaa. Mkurugenzi akabaki mkekani, midomo imemkauka.

"Mama, nitakufa. Nipe maji."

"Ya kuchemsha nimewapa watoto, yameisha," alisema muuguzi, akimsogezea kikombe. "Haya ndiyo uliyotupangia."