Mbuzi wa Kumpigia Ngendo Makofi

Jumatano, 6 Agosti 2025
Baridi ya Nyeri haina adabu. Nimejiteua meneja wa Ngendo, binti wa dada yangu, katika shindano la malkia wa urembo wa kaunti. Ngendo alisema hakuomba meneja. Unyenyekevu huo! Mshindi ataenda Nairobi na meneja wake, hoteli ikilipwa na waandalizi. Sijawahi kulala hotelini. Lazima tushinde.

Alhamisi, 7 Agosti
Habari mbaya. Kahiga, kinyozi wa hapa mtaani Skuta, naye ni meneja. Msichana wake ni Shiro. Mrefu, anatembea vizuri, inaudhi. Lakini nimechunguza: nusu ya alama hutoka kwa majaji, nusu kwa makofi ya ukumbi. Makofi! Hapo Kahiga atanitambua.

Nikamweleza Ngendo mpango. Nitachoma mbuzi nje ya ukumbi, watu wetu washibe, kisha waingie wampigie makofi. Akauliza kama ningeweza tu kumtafutia viatu vinavyomtosha. Watoto wa siku hizi hawaoni mbali.

Jumamosi, 9 Agosti
Kuni zilikuwa mbichi. Shindano likaanza, mbuzi bado anatoa damu. Niliwasihi watu wetu waingie, nyama watapata baadaye. Mzee Mutahi akanitazama kama mgonjwa. “Ati tuache nyama kwa moto tuende kuangalia wasichana wakitembea?” Wote wakamuunga mkono.

Kisha harufu ikaingia ukumbini. Watu wa Kahiga wakaanza kutoka, mmoja mmoja. Kahiga akatoka kuwarudisha. Akabaki. Akapewa mbavu, zile nilizojiwekea mimi!

Nikakimbia ndani. Viti vitupu. Waliobaki ni kina mama wa kanisa letu, safu mbili, ambao hawawezi kuonekana wakila nyama wamesimama. Shiro akapita, mtu akakohoa. Ngendo akapita, kina mama wakainuka kwa vigelegele.

Ngendo ameshinda! Nililia mbele ya watu.

Akashukuru Mungu, mama yake, kina mama wa kanisa, na Shiro aliyemwazima viatu. Nikasimama ili anione. Nikapunga mkono pia. Labda taa zilimuumiza macho.

Jumapili, 10 Agosti
Ngendo alikuja na taji ndani ya kiondo. Akasema kwa heshima kwamba Nairobi ataenda na mama yake. “Anko, usikasirike. Lakini hata viatu haukuniletea.”

Nilikasirika. Iliniuma sana, nilikuwa nimeshapiga pasi suruali ya hoteli. Nikala maharagwe, nikafikiri. Nani aliwatoa maadui ukumbini? Mbuzi. Nani alileta mbuzi? Nikapoa.

Jumanne, 12 Agosti
Niko Nanyuki. Huku shindano ni mwezi ujao. Nimejitambulisha kwa Mzee Kullow, mfanyabiashara wa mifugo, kama mtu aliyemtengeneza malkia wa Nyeri. Ana binti, Sagal. Wanasema ni mrembo ajabu na hataki kusikia habari ya mashindano. Huyo binti sijamwona bado. Mbuzi nimewaona. Wamenona sana.